SALUNI AU KROSOVA: TUPIME KABLA YA KUTAMANI

Kabla sijasonga mbele naomba niwaondolee shaka. Saluni ninayotaka kuizungumzia si ile ya kusukia nywele! Ni gari. Ni lile gari la chini ambalo ukilitazama kwa ubavu unaona vyumba vitatu: chumba cha injini mbele, chumba cha watu katikati, na buti la mizigo nyuma likiwa limejitenga. Wazazi wetu wengi walijifunzia usukani katika gari la namna hiyo.

Siku hizi saluni imepata mpinzani. Mpinzani huyo ni krosova. Ukisimama kituoni asubuhi ukingojea matatu, utayaona magari haya yakipita moja baada ya jingine: Mazda CX-5, Nissan X-Trail, Honda Vezel, Subaru Forester, Toyota RAV4 na Harrier. Yameinuka juu, yana mabega mapana, na mlango wa nyuma unafunguka kuelekea angani. Wenzangu darasani wakiulizwa watanunua gari gani wakianza kazi, ni nadra kumsikia anayetaja saluni. Ati saluni ni gari la wazee!

Mimi pia nilikuwa na mawazo hayo hayo hadi mwezi wa Aprili, wakati swali hili lilipoingia nyumbani kwetu na kukaribia kumeza karo ya dada yangu. Katika somo hili nitaeleza krosova ni nini hasa, kwa nini watu wameihamia, na jinsi mtu anavyoweza kupima kama anaihitaji au anaitamani tu.

KISA KILICHOZUA SOMO

Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Gari lake ni Toyota Corolla ya saluni, injini ya sentimita za ujazo 1500, nalo limekaa nasi miaka mingi. Kutoka barabara ya lami hadi kwetu ni mwendo wa kilomita mbili za udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi hakuna neno. Masika yakiingia, malori ya mchanga huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta refu lenye mawe.

Jioni moja ya Aprili tulikuwa watano garini. Tulipofika penye kona ya mwisho tulisikia kishindo chini ya miguu yetu. Kumbe jiwe lilikuwa limeipasua sampu, yaani lile bakuli la chuma linalohifadhi oili chini ya injini. Baba aliona taa nyekundu ya oili ikiwaka, akazima injini papo hapo. Tukalisukuma gari kwenye matope hadi nyumbani, viatu vyangu vya shule vikiwa havitamaniki.

Jumapili iliyofuata mjomba alikuja kututembelea na krosova yake. Alipita penye tuta lile kana kwamba hakuna kitu. Nyanya yangu, ambaye magoti humsumbua, alipakiwa ndani akasifu: haikumbidi kuchuchumaa ili aingie wala kuvutwa mikono ili atoke. Baada ya chai mjomba akamgeukia baba, "Shemeji, utasukuma gari hadi lini? Uza hiki kigari, chukua mkopo kidogo, upande gari la mwanamume."

Maneno hayo yalimwingia baba. Alipanga kuomba mkopo kwa chama cha akiba na mikopo cha walimu, aulipe kwa miaka mitatu. Mama alinyamaza. Mimi nilijua kwa nini alinyamaza: dada yangu alikuwa amepata barua ya kujiunga na chuo mwezi wa Septemba, na mshahara wa baba ni ule ule mmoja. Usiku huo baba aliniita akaniambia, "Wewe mwanangu unayejidai kusoma fizikia, hebu nipigie hesabu ya jambo hili. Usinipendelee wala usimpendelee mjomba wako." Ndipo nikaanza kazi.

KROSOVA NI NINI HASA?

Magari makubwa ya kazi, mfano Toyota Land Cruiser ya muundo wa 70 inayotumika katika sehemu kavu za nchi yetu, hujengwa juu ya chasisi. Chasisi ni vyuma viwili virefu na vizito vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, umbo lake kama ngazi iliyolazwa. Injini, magurudumu na bodi vyote hufungwa juu ya ngazi hiyo. Ndiyo maana gari hilo linaweza kuteswa mawe na mizigo miaka nenda miaka rudi.

Saluni haina ngazi hiyo. Bodi yake yenyewe ndiyo mifupa yake. Kwa sababu hiyo ni nyepesi, hunywa mafuta kidogo na hukaa imara barabarani.

Sasa krosova iko upande gani? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Krosova ina umbo la gari la porini lakini mifupa yake ni ya saluni au ya gari dogo. Honda Vezel imejengwa juu ya msingi wa Honda Fit. Honda CR-V ni ndugu wa Civic. Subaru XV ni Impreza iliyoinuliwa. Isitoshe, krosova nyingi zinazouzwa huendeshwa kwa magurudumu mawili ya mbele tu, sawa na saluni. Ya mjomba ni mojawapo, na yeye mwenyewe hakuwa akijua mpaka fundi alipolala chini akamwonyesha!

Basi tofauti kubwa ni kimo. Kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari pana nafasi ambayo mimi nitaiita uvungu, kama tunavyosema uvungu wa kitanda. Saluni nyingi za Kijapani zina uvungu wa sentimita 14 hadi 16 hivi. Krosova nyingi huwa na sentimita 17 hadi 22. Subaru Forester ndiyo inayofika 22. Tofauti ya sentimita chache, lakini mwenye kupasuliwa sampu anaijua thamani yake.

MABADILIKO YALIANZA VIPI?

Mwaka 1994 kampuni ya Toyota ilianza kuuza RAV4 huko Japani, gari dogo lililoinuka ambalo lilitumia vipuri vingi vya magari yake ya kawaida. Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995, na Subaru ikaleta Forester mwaka 1997. Watu waligundua kwamba wanaweza kuketi juu bila kurushwarushwa kama walio kwenye lori.

Nchini Marekani kulikuwa na sababu nyingine ya kisheria. Sheria ya mwaka 1975 kuhusu matumizi ya mafuta iliyagawa magari mafungu mawili, magari ya abiria na malori mepesi. Malori mepesi yalipewa masharti nafuu. Magari mengi yaliyoinuka yalihesabiwa upande huo wa malori mepesi, hata kama yalipeleka watoto shule na kurudi. Kampuni zikaona faida: gari refu huuzwa kwa bei ya juu kuliko saluni ya ukubwa uo huo, ilhali gharama ya kulitengeneza haipandi kwa kiasi hicho.

Hata hivyo msidhani kwamba upendeleo wa wanunuzi ni kitu kisichobadilika. Mwaka 2008 bei ya mafuta ghafi ilipaa hadi kupita dola 147 kwa pipa mwezi wa Julai. Wamarekani wakakimbilia magari madogo. Mwezi wa Mei mwaka huo Honda Civic iliuzwa kuliko pikapu ya Ford, ambayo kwa kawaida ndiyo huongoza kule. Bei iliposhuka, watu wakarudi walikotoka. Kufikia mwaka 2017 RAV4 ilikuwa imeipita Camry, saluni iliyotamba miaka mingi sokoni humo. Aprili 2018 Ford ikatangaza kwamba itaacha kuuza saluni katika Amerika ya Kaskazini, na saluni yake ya Fusion ikaundwa kwa mara ya mwisho Julai 2020. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza kuwa mwaka 2023 magari ya umbo hili lililoinuka, madogo kwa makubwa, yalikuwa asilimia 48 ya magari mapya yaliyouzwa duniani.

Je, sisi wa Kenya tunahusikaje? Tunahusika sana. Magari mengi ya watu binafsi huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, yanateremshwa bandarini Mombasa, na sheria yetu hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo tunachonunua leo ni kile Wajapani walichonunua miaka kadhaa iliyopita. Toyota iliacha kuunda Mark X Desemba 2019. Premio na Allion, saluni ambazo kila mtaa hapa kwetu unazijua, zikafuata Machi 2021. Sheria ikibaki ilivyo, baada ya mwaka 2028 hakuna Premio nyingine itakayoteremshwa Mombasa. Kijana atakayeingia bohari la magari wakati huo atakuta krosova zimejaa, achague krosova, kisha aseme, "Mimi napenda krosova." Lakini je, alichagua yeye au alichaguliwa?

Hili ndilo jambo la kwanza nililojifunza: upendeleo wetu si wetu peke yetu. Sehemu yake hupikwa mbali, na mpishi, muuzaji na sheria, kisha sisi hupakuliwa.

SABABU ZA WATU KUIPENDA

Nisije nikaonekana nimeshika upande. Krosova ina uzuri wake, na niliuandika kwenye daftari kama baba alivyoniagiza.

Kwanza, uvungu. Barabara zetu nyingi si za lami, na hata za lami zina matuta yaliyojengwa pasipo kipimo.

Pili, kuingia na kutoka. Kiti cha saluni kiko chini kuliko goti la mtu mzima, kwa hivyo mzee hulazimika kujishusha kisha kujinyanyua. Kiti cha krosova kiko karibu na usawa wa nyonga. Nyanya hana haja ya fizikia ili ajue hilo.

Tatu, dereva huona mbali. Akiwa nyuma ya magari mengine haoni buti tu, huona kinachotokea mbele.

Nne, mizigo. Mlango wa nyuma ni mpana, viti hulazwa, na mtu anaweza kubeba gunia la viazi, jiko na hata kitanda cha mtoto.

Tano ni heshima. Hili watu hawalisemi waziwazi, lakini lipo. Mlinzi langoni humfungulia mwenye gari refu kwa haraka zaidi. Mjomba alipotamka "gari la mwanamume" hakuwa akizungumzia uvungu.

HESABU YA MAFUTA

Baba huandika kila lita anayonunua, na kilomita alizotembea, katika kijidaftari kilicho ndani ya gari. Nilipojumlisha kurasa za miezi mitatu nilipata kwamba saluni yetu huenda kilomita 14 kwa lita moja. Mjomba alidai krosova yake ya injini ya 2000 pia huenda 14. Sikubisha, nilimwomba tupime. Tulijaza tangi mpaka pampu ikajizima, tukaandika nambari ya kilomita. Alipomaliza kilomita 250 za shughuli zake za kawaida, alijaza tena katika kituo kile kile. Ziliingia lita 25. Hiyo ni kilomita 10 kwa lita. Mjomba alikuna kichwa akasema labda pampu ina kasoro.

Baba hutembea kilomita 280 hivi kwa wiki. Tazameni:

Saluni: 280 ÷ 14 = lita 20 kwa wiki.
Krosova: 280 ÷ 10 = lita 28 kwa wiki.
Tofauti: lita 8 kwa wiki.

Bei ya petroli hutangazwa upya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo nilichukua shilingi 180 kwa lita kwa ajili ya hesabu tu. Nanyi wekeni bei ya siku yenu. 8 × 180 = shilingi 1,440 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52, unapata shilingi 74,880 kwa mwaka. Hapo hatujataja mkopo na riba yake, tairi kubwa zenye bei kubwa, wala bima ambayo hupanda kwa kufuata thamani ya gari.

Kwa nini krosova hunywa zaidi? Jibu liko katika mambo mawili. Jambo la kwanza ni uzito. Corolla ya aina ya Axio ina uzito wa karibu kilo 1,100. X-Trail karibu kilo 1,500. Kila unaposimama kwenye foleni na kuondoka tena, injini husukuma zile kilo 400 za ziada. Jambo la pili ni upepo. Gari refu lina kifua kipana, na nguvu ya upepo unaolizuia huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukienda mara mbili ya kasi ya kwanza, upepo hukuzuia mara nne.

Nilipomwonyesha mama ile nambari ya mwisho, alisema neno moja tu, "Karo."

HESABU YA UVUNGU

Hata hivyo fedha si kila kitu. Sampu ikipasuka kila masika, akiba yote huishia kwa fundi. Nilichukua rula ya sentimita 30, nikalala chini ya gari letu. Likiwa tupu, uvungu penye sampu ulikuwa sentimita 14. Tulipoingia watano, springi zikajikunja, ukabaki sentimita 11! Nani angefikiri? Krosova ya mjomba ilikuwa na sentimita 18 tupu, na 16 ikiwa na watu.

Kisha nikaitembea barabara yetu yote, kilomita mbili, na rula yangu na kamba. Nilinyosha kamba kutoka mfereji mmoja hadi wa pili na kupima urefu wa tuta la katikati. Majirani walidhani nimetumwa na serikali, wakaanza kuniuliza lami inakuja lini. Matokeo yalinishangaza. Karibu barabara nzima, tuta lilikuwa chini ya sentimita 9. Sehemu mbili tu ndizo zilizopita sentimita 11: moja kwenye kona ile, hatua zipatazo 40, na nyingine karibu na kijito, hatua 25.

Kwa maneno mengine, tulikuwa tunataka kununua gari jipya la kutembea kilomita 280 kila wiki kwa sababu ya hatua 65.

Hapa nilikumbuka jambo ambalo wazee hupenda kusimulia. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita kwenye matope na mawe ya nchi yetu, na kwa miaka mingi washindi waliendesha saluni. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh wetu alishinda na Volvo mwaka 1965, halafu na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo na Datsun, kuanzia 1979 hadi 1982. Ni kweli magari hayo yaliimarishwa: springi ngumu, uvungu ulioongezwa, na bamba nene la chuma chini ya injini. Lakini hayakuinuliwa paa. Yalilindwa mahali palipohitaji kulindwa.

USALAMA: WA NANI?

Watu husema gari refu ni salama. Swali langu ni, salama kwa nani?

Tukumbuke somo la kidato cha pili kuhusu kitovu cha uzito. Kitu kikiwa na kitako kipana na kitovu cha uzito kilicho chini, si rahisi kupinduka. Wahandisi hugawanya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Jibu likiwa kubwa, gari ni imara. Kwa magari mengi ya chini jibu huwa kati ya 1.3 na 1.5, kwa magari yaliyoinuka aghalabu ni kati ya 1.0 na 1.3. Krosova za kisasa zina mitambo ya kuzuia kuteleza ambayo husaidia sana, lakini dereva anayekata kona kwa kasi ya saluni akiwa juu ya krosova anapaswa kukumbuka nambari hizo.

Kuna pia sisi tunaotembea. Shule yetu ni ya kutwa, na wengi wetu huja kwa miguu kando ya barabara. Nchini Kenya watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa na ajali za barabarani. Gari la kilo 1,500 likienda kwa kasi sawa na la kilo 1,100 hubeba nishati ya mwendo inayozidi ya mwenzake kwa zaidi ya thuluthi moja. Isitoshe, boneti ya saluni humpiga mtu mzima miguuni. Boneti iliyo juu humpiga kiunoni au kifuani, na mtoto kichwani. Novemba 2023 taasisi ya Marekani inayofadhiliwa na kampuni za bima ilichapisha uchunguzi wa ajali karibu 18,000 za watembea kwa miguu. Magari yenye boneti inayopita takriban sentimita 100 yalionekana kuwa na uwezekano wa kuua uliozidi kwa asilimia 45 ule wa magari yenye boneti iliyoinama ya sentimita 76 au chini. Krosova ndogo nyingi ziko katikati ya vipimo hivyo, si mbaya kama pikapu kubwa. Ila anayesema "mimi niko salama" akiwa juu, na amwangalie pia aliye chini.

UAMUZI WA NYUMBANI

Nilimkabidhi baba daftari langu siku ya Jumamosi. Alisoma polepole, akarudia ukurasa wa barabara mara mbili. Kisha akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa bamba la chuma la kukinga sampu. Springi za nyuma zilizochoka zikabadilishwa, na uvungu wetu tukiwa watano ukafika sentimita 13. Baadaye baba na majirani walichanga fedha, wakaleta malori mawili ya changarawe. Jumamosi moja tulizijaza zile hatua 65 kwa sepetu na karai, mjomba akiwa miongoni mwetu. Hakutaja neno "mwanamume" siku hiyo.

Dada yangu aliingia chuoni Septemba.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yameisha. Changarawe huchukuliwa na maji, na malori ya mchanga bado yanapita. Nyanya bado huugulia magoti kila aingiapo garini, na baba ameahidi kwamba mkopo wa karo ukiisha atafikiria tena. Pengine siku hiyo krosova itakuwa jibu sahihi. Daktari wa mifugo anayezunguka vijijini masika na kiangazi, au familia yenye mgonjwa asiyeweza kujiinamisha, hawana haja ya kungoja hesabu yangu. Ninachosema ni kwamba kila mtu apime barabara yake, mfuko wake na watu wake. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza: kabla hujauacha mbachao, chukua rula.

MSAMIATI WA SOMO

Uvungu wa gari: nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari.
Sampu: bakuli la oili lililo chini ya injini.
Chasisi: vyuma virefu vinavyobeba gari zima, umbo la ngazi.
Boneti: kifuniko cha injini.
Buti: chumba cha mizigo nyuma ya gari.
Bohari la magari: mahali magari yanapowekwa yakingoja wanunuzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya gari lililojengwa juu ya chasisi na krosova.
2. Gari linatembea kilomita 350 kwa wiki. Linganisha gharama ya mafuta ya gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita na linalokwenda kilomita 10 kwa lita, kwa bei ya petroli ya mwezi huu.
3. "Upendeleo wetu si wetu peke yetu." Jadili ukitumia mfano wa kitu kingine tunachonunua hapa nchini.
4. Pima uvungu wa gari lolote likiwa tupu, kisha likiwa na watu. Kwa nini vipimo havilingani?

Majibu ya swali la nne mniletee mimi mwenyewe darasani. Nina hamu ya kuyaona. Kwaherini kwa sasa, na tukutane tena mwakani katika kurasa hizi, Mungu akipenda.